Aliyeimba kwa Midomo Tu

Wanafunzi walimwita Madamu Rula, maana aliongoza kwaya kwa rula ya mbao, na rula hiyohiyo ilijua njia ya kufika kwenye vidole vya mzembe. Alikuwa mwadilifu. Hakuchelewa, hakupendelea, hakula cha mtu. Kwaya ya shule yao ya misheni ilisifiwa kila ilikopita, na yeye alilijua hilo, pengine kupita kiasi.

Katika kwaya hiyo alikuwemo binti mmoja mrefu, aliyebandikwa jina la Mlingoti. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mikwaruzo, na haikukaa kwenye tuni hata kwa kubembelezwa. Lakini mstari wa nyuma ulikuwa na msichana mwingine mrefu upande wa kushoto, na bila Mlingoti kulia, safu ilionekana kama meza iliyovunjika mguu. Basi Madamu akapata ufumbuzi wake: binti asimame, atabasamu, afumbue na kufumba mdomo pamoja na wenzake, ila sauti isitoke.

"Wewe ni pambo letu," alimwambia, na wenzake wakaangua kicheko. "Midomo tu. Umenielewa?"

"Ndiyo, Madamu."

Ikaja safari ya huduma. Kila likizo kwaya ilitembelea mahali penye wahitaji, ikafanya kazi za mikono asubuhi na kuimba mchana. Safari hii walikwenda hospitali ya macho. Wakapiga deki, wakafua mashuka, wakasugua madirisha. Madamu alikuwa akikagua vumbi kwa kidole kama kawaida yake, Mlingoti alipomfuata na tambara linalochuruzika maji.

"Madamu, naomba kitu."

"Kamua tambara kwanza, unanilowanishia viatu."

Akalikamua. "Bibi yangu amelazwa wodi hii. Wamemtoa mtoto wa jicho. Ndiye aliyenilea, Madamu. Amewatangazia wagonjwa wote kwamba mjukuu wake anakuja kuwaimbia."

"Vizuri. Atafurahi."

"Macho yamefungwa bandeji, hataniona. Naomba leo nitoe sauti. Wimbo mmoja tu, hata ule mfupi."

Hapo Madamu alipaswa kunyamaza afikirie. Hakunyamaza.

"Mganga mkuu atakuwepo, na mchungaji, na wazazi waliotulipia basi. Nivuruge kwaya nzima kwa ajili ya bibi mmoja? Wewe ukifungua koo, soprano wote wanapotea njia."

"Nitaimba kwa chini, Madamu. Ataisikia tu."

"Mwanangu, neno langu ni moja. Midomo."

Mchana walivaa sare. Madamu alinyoosha kola, akasawazisha riboni, akawapanga na kuwapangua mpaka safu ikanyooka kama uzi. Ndipo alipogeuka kuwatazama wasikilizaji wao: kitanda baada ya kitanda, na kwenye kila uso bandeji nyeupe.

"Jamani, watoto wamependeza kweli!" alipaza sauti mzee mmoja, macho yake yote mawili yamefungwa. Wodi nzima ikacheka, nesi naye akacheka. Madamu hakucheka. Aliinua rula.

Waliimba vizuri, tusiwanyime haki yao. Lakini kwenye kitanda cha karibu na mlango, bibi mmoja alikuwa ameketi wima, kiganja nyuma ya sikio. Ubeti wa kwanza alitabasamu. Wa pili akaanza kugeuza kichwa, huku na huku, kama mtu anayemtafuta mtoto wake katikati ya umati. Wa mwisho tabasamu lilikuwa limekwisha. Nyuma kulia, Mlingoti alifumbua na kufumba mdomo kama alivyofundishwa, na machozi yakamwingia mdomoni.

Makofi yalipotulia, bibi akauliza, "Mwalimu wao yuko wapi?"

"Nipo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mmeimba, Mungu awabariki. Ila wangu sijamsikia. Ile sauti naijua, hata yeye akiwa uani na mimi jikoni. Hakuja?"

Wanakwaya waliikodolea macho rula. Sentensi moja ingetosha: njoo hapa, binti, mwimbie bibi yako. Lakini mganga mkuu alikuwa amesimama pale, mikono kifuani, bado na uso wa kupendezwa.

"Amekuja, bibi," alisema Madamu. "Ana mafua. Sauti imemkauka."

Akamtupia Mlingoti jicho. Binti akasogea, akaushika mkono wa bibi yake, akanong'ona kama mgonjwa wa kweli: "Ndiyo, bibi. Mafua."

"Pole, mama. Acha maji ya baridi. Ukipona utaniimbia nyumbani."

Ukali si kosa, na mtoto asiyekemewa huumia baadaye. Lakini mwanamke huyu aliyewachapa watoto kwa kusema uongo alisimama mbele ya kwaya ya Kikristo akamfundisha mtoto kumdanganya mlezi wake, na mtoto akatii, kwa kuwa utii ndio aliofundishwa kuliko yote. Ndani ya basi hakuna aliyeimba. Shule ilipofunguliwa, Mlingoti alirudisha sare ya kwaya, imefuliwa na kupigwa pasi. Madamu aliipokea, akasema, "Haya." Alikusudia kumwita wazungumze. Akaahirisha mpaka muhula uliofuata, kisha mwingine, hadi binti akamaliza shule na kuondoka.

Miaka ikapita. Madamu alikuwa amekwisha kustaafu, Jumapili moja alipoketi kanisani nyuma ya mama mmoja mrefu aliyempakata mtoto. Mama akageuka.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba!" Alikuwa Mlingoti. "Bibi je, hajambo?"

"Alishatangulia, Madamu. Zamani."

Madamu alikunja na kukunjua leso yake. "Ulimwimbia lakini? Nyumbani?"

"Alikuwa akiniomba." Alisema bila kinyongo, kama anayejibu swali la darasani. "Lakini yale mafua hayakunitoka."

Hapo watu waliombwa wasimame kwa wimbo. Mama yule akasimama, mtoto begani, na midomo yake ikafumbuka na kufumbana pamoja na ya wengine. Nyuma yake, Madamu alitega sikio kwa nguvu zote, akiitafuta ile sauti nzito, ya mikwaruzo, isiyokaa kwenye tuni. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Hakuisikia.