Mgeni Hapingwi Siku ya Kuja

Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, hakuwahi kukiita kisiwa chetu kisiwa. Alikiita nti, yaani nchi, kwa matamshi ya kwetu. "Nti yetu," alikuwa akisema, na mtu asiyemjua angedhani anazungumzia Misri. Kumbe anazungumzia mahali unapoweza kupazunguka kwa miguu ukarudi uji wako haujapoa. Jina lake sitalitaja, wenyewe watajijua. Kiko kaskazini, ukishaipita Pate kuelekea Kiwayu. Upande mmoja ni bahari kuu na mwamba, upande wa pili ni mikoko na matope, na kati yetu na bara kuna mkondo ambao maji yakijaa unaupita kwa boti, yakitoka unashuka ukatembea na tope magotini. Hiyo ndiyo mipaka yetu. Aliyeiweka ni Mwenyezi Mungu, na Mama Mkubwa hakuona haja ya ramani nyingine.

Raia ni sisi kwa sisi. Ukimtukana mtu asubuhi, ikifika adhuhuri utaambiwa ni shemeji yako. Wanaume baharini, wanawake kwenye kusuka ukindu na vishamba vya mtama nyuma ya machuguu ya mchanga, na maji ya kunywa ni ya mvua, tunayakinga kwenye birika la mawe lililojengwa na watu ambao hata makaburi yao hatuyajui tena. Na serikali tulikuwa nayo pia. Sisemi ya chifu wala ya kaunti kule Amu, yaani Lamu, hizo zilikuwapo, zikija na kwenda. Nasema ile iliyoketi kwenye baraza ya msikiti baada ya alasiri ikaamua nani achimbe wapi na nani amuoe nani. Msemaji wake alikuwa mumewe Mama Mkubwa. Yeye nilimwita Baba Mkubwa maisha yangu yote, na nitamwita hivyo hapa.

Sheria zetu zilikuwa chache, na mojawapo ni hii: mgeni hapingwi siku aliyokuja. Mtu amekuja kwa maji, amechoka, chumvi imemkauka usoni. Akisema neno, msikilize, mlishe, mlaze. Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, ndipo umpe jibu lako. Ukimkatalia siku ile ile ni sawa na kumwambia rudi ulikotoka. Posa zilikataliwa hivyo, wanunuzi wa kamba walikataliwa bei zao hivyo, na hakuna aliyeondoka kwetu amenuna. Ilikuwa sheria nzuri, nasema mpaka leo. Kasoro yake ni moja tu, kwamba ilitungwa kwa wageni wanaolala.

Mimi niliolewa Amu, nikawa mtu wa mjini, mtu wa vichochoro na punda, wa kupanga foleni kwenye maofisi. Nilikuwa nikirudi kisiwani kila nikipata sababu. Katika miaka hii ya karibuni sababu yangu ilikuwa mguu wa Mama Mkubwa. Alikuwa na sukari, na kidonda chini ya wayo hakikutaka kufunga. Bahati yetu tulikuwa na zahanati, vyumba viwili na kibaraza, na muuguzi mmoja mwenye subira. Mama Mkubwa alikuwa akienda kwa fimbo yake, siku moja anakwenda siku moja anapumzika, anasafishwa, anafungwa, anarudi anakokota kanga yake na kutusengenyea muuguzi kwamba hajui kupika. Kidonda kilikuwa kinakauka. Polepole, lakini kinakauka.

Basi tukasikia serikali ya kaunti inataka kuifunga zahanati. Haikuwa siri wala fitina, nisije nikamsingizia mtu. Walikuja wenyewe kutuuliza maoni, kama sheria ya nchi inavyotaka. Walikuja asubuhi na maji yaliyojaa, kwa boti ya mbio: afisa mmoja mwanamke, binti wa Amu mwenye adabu zake, na mabwana wawili wa bara walioshuka viatu mkononi. Watu wakakusanyika kwenye veranda ya shule. Binti yule alisema vizuri, wallahi. Alisema wauguzi hawakubali kukaa kisiwa kidogo namna hii, huyu tuliye naye ameomba uhamisho, na dawa zinaharibika kwa kukosa umeme wa uhakika. Ng'ambo, barani, kuna zahanati kubwa, ina chumba cha kuzalia na maabara, na sisi tutavuka tu. Akaonyesha ramani. Kwenye ramani kati yetu na ng'ambo ni upana wa kidole.

Mimi nilikuwa uani, nyuma ya shule, na wanawake wenzangu, nakuna nazi, na kila neno lilitufikia kupitia ua wa makuti. Nilisikia akiuliza kama kuna mwenye pingamizi. Kimya. Kisiwa kizima hakuna aliyelitaka jambo lile, hata watoto, na kimya. Kisha sauti ya Baba Mkubwa ikashukuru, ikaomba dua ndefu kwa wageni na safari yao, ikasema maneno yamefika, sasa karibuni chakula. Nikajua kilichokuwa moyoni mwake kama ninavyojua kiganja changu. Jibu analo. Atalitoa kesho, baada ya alfajiri.

Nikaiacha nazi. Nilikuwa nimekaa Amu ya kutosha kujua kwamba watu wa ofisi hawalali. Nikamwendea Mama Mkubwa, aliyekuwa anapakua wali, nikamnong'oneza amtumie mumewe ujumbe, ajibu sasa hivi, kabla hawajala. Nikamwambia hawa wataondoka na maji. Hakuniangalia hata. Alisawazisha wali kwenye sinia kwa mgongo wa upawa, taratibu, kama bibi harusi anapakwa hina.

"Mgeni asolala," akaniambia, "ni mgeni gani?"

Na mwenye mguu ni yeye! Mwingine yeyote angelisema hivyo ningelimjibu, maana mimi ulimi wangu hauna mfupa, lakini huyu ndiye aliyenilea. Nikachukua sinia nikapeleka mlangoni.

Walikula wakashiba. Wali wa nazi, changu wa kupaka, kamba wa kukaanga, achari ya maembe, kila nyumba ilikuwa imeleta chake cha juu kabisa. Bwana mmoja wa bara alilamba vidole akasema hajala hivi tangu azaliwe. Hawajanawa vizuri, nahodha wao akasimama mlangoni akasema maji yanatoka, wakikawia watakwama mkondoni mpaka magharibi. Wakainuka. Baba Mkubwa akawaonyesha chumba cha madrasa. Mikeka ilikuwa imetandikwa, na mito ya sufi imeletwa kutoka majumbani, foronya zimefuliwa na kufukizwa udi. Binti yule akacheka kwa haya, akaweka mkono kifuani, akasema Mungu awajaze kheri, mzee wangu, ila kazi ni nyingi.

Vijana wakamzunguka Baba Mkubwa. Mmoja alimvuta kanzu waziwazi, jambo ambalo sijapata kuliona kwetu. Wakamwambia sema, sema sasa, wanakwenda. Yeye akawatazama wale wageni wanavyoteremka pwani, akawaambia vijana:

"Nimpinge mtu, na mkono wake ungali na mafuta ya wali wangu?"

Boti ikaondoka. Mito ikarudishwa kwa wenyewe haijalaliwa.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Nimelifikiria neno hilo sana tangu siku ile, na nimelichukia.

Baba Mkubwa hakuwa mjinga. Siku chache baadaye, upepo ulipokubali, alikuja Amu na jibu lake, akalala kwangu, na asubuhi nikampeleka ofisini. Alivaa kanzu ya Idi. Afisa alimpokea kwa heshima, akamwagizia chai na mahamri, akamketisha karibu na feni. Baba Mkubwa akaamkia, akauliza hali ya wazazi wake, akaiulizia safari yao ya siku ile kama walifika salama. Halafu akatoa jibu, kwa ufasaha, kama angelilitoa kwenye baraza ya msikiti: kwamba nti ile haiwezi kukaa bila zahanati, kwamba mgonjwa hachagui saa ya maji kujaa, kwamba upepo wa kusi ukivuma hata mzima havuki.

Binti yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, na naapa hakuuliza kwa ubaya, mbona hukusema siku ile, mzee wangu, mimi niliona mmeridhia, nikapeleka hivyo.

Baba Mkubwa akanigeukia. Mtu aliyezoea kusemea watu wote akanitaka mimi nimsemee. Nikamweleza yule binti sheria yetu. Nilipofika kwenye mito ya madrasa akajifunika uso kwa ncha ya mtandio wake. Alisema nyanya yake alikuwa akisema maneno hayo hayo, na yeye hakukumbuka. Akapiga simu hapo hapo, mbele yetu, moja, na nyingine. Jambo lilikuwa limeshapanda juu. Huko juu lilipopanda, sijui ni wapi, wala yeye nadhani hajui. Akatuahidi litaangaliwa upya. Huenda bado linaangaliwa.

Tukatoka, tukaketi kwenye ukuta wa gati. Punda wanapita na saruji, watu wanatusalimia, na Baba Mkubwa anajibu salamu zote bila kumtazama mtu. Nilimkasirikia, na nilimhurumia, na sikuweza kutenganisha kimoja na kingine. Hatimaye akasema, "Ningewaambia kabla ya wali." Akalirudia neno hilo njia nzima mpaka nyumbani kwangu.

Muuguzi akaondoka. Mlango wa zahanati ukafungwa kufuli, mbuzi wakachukua kibaraza. Mama Mkubwa akaanza kuvuka. Siku za maji mengi alivuka vizuri, akarudi na habari za watu wa ng'ambo. Siku za maji machache boti iliishia katikati, akabebwa mgongoni au akashuka mwenyewe, maana alikuwa mbishi, na bendeji safi ikaingia kwenye tope. Siku za kusi hakuvuka kabisa. Kidonda kilichokuwa kinakauka kikafunguka tena. Tulipomleta Amu alikuwa na homa, na hospitali wakakata kidole gumba cha mguu, na baadaye wakakata zaidi. Daktari akaniita pembeni akanieleza kwamba mguu huu unataka kusafishwa kila siku, mwingine nao umeanza, na kisiwani harudi. Alinieleza mimi. Kumweleza yeye akaniachia mwenyewe.

Nikampa chumba cha juu chenye upepo. Baba Mkubwa hakuhamia. Alisema nti haiachwi bila mtu. Anakuja maji yakimruhusu, anaketi ukingoni mwa kitanda, hawasemezani sana. Anamkanda ule mguu wa pili, halafu anakwenda zake.

Na sisi nyumbani kwangu tukamfanya Mama Mkubwa mgeni. Sikuona tunafanya hivyo. Mto wa sufi ulio bora ni wake, mnofu wa samaki ni wake, na neno lake halipingwi na mtu. Kila siku alasiri alikuwa akiniuliza maji yako wapi leo, na lini atarudi kwao. Nami nikijibu kesho, inshallah. Mume wangu akijibu upepo ukitulia, inshallah. Wanangu, waliozaliwa mjini na wanaonipinga mimi mama yao mchana kutwa kwa Sheng na Kiingereza, nao wakamwambia kesho, inshallah, bibi. Nani aliwafundisha? Miezi ikapita hivyo. Alasiri nyingine nilikuwa nikishuka ngazi baada ya kumjibu, nasimama katikati na kushika ukuta, kwa aibu.

Jumatatu moja nilipanda na sinia, nimelifunika kawa. Nikaliweka kati yetu mkekani. Hakuuliza maji yako wapi. Nilipotaka kufunua, akaweka mkono wake juu ya kawa, akaukandamiza.

"Kabla hatuyala," akasema. "Mimi si mgeni kwako, mwanangu. Nambie leo."

Nilitaka kusema kesho. Neno lilikuwa mdomoni tayari, limezoea njia. Nikautazama ule mkono, makovu ya ukindu vidoleni, mkono ulionilea, uliosawazisha wali siku ile.

"Hurudi, Mama Mkubwa," nikamwambia. "Hurudi tena."

Mkono wake haukuondoka juu ya kawa. Chini watu walikuwa wanapita wakizungumza mambo yao. Mimi nililia, yeye hakulia.

"Kumbe yasemeka," akasema.

Kisha akaliondoa kawa mwenyewe, akaliweka kando, akaanza kunimegea samaki.