Nyumba Isiyotoa Moshi

Harufu ya moshi wa kuni ukipenya kwenye nyasi zilizolowa mvua bado hunisimamisha njiani. Ndivyo ilivyonukia nyumba ya Bibi, mama yake Baba, mtaani kwetu Lizaboni. Kuta za udongo alizisiriba mwenyewe kwa kiganja, na paa la nyasi lilifuka moshi kila asubuhi. Siku moshi ukichelewa, jirani yetu Mama Komba aliingia moja kwa moja: "Shikamoo Bibi! Mbona kimya leo?"

Baba aliionea aibu nyumba ile. Aliibomoa, akajenga palepale ya matofali, yenye bati la rangi ya damu ya mzee, vigae sakafuni, na madirisha ya vioo yaliyoushangaza mtaa. Ukiwa nje ulijiona mwenyewe. Ukiwa ndani uliwaona wote. Jamani, ilikuwa nzuri! Watu walikuja hata kutoka mtaa wa Majengo kuitazama, na kila aliyefika alijiweka sawa kidogo kwenye kioo. Shuleni niliringa nayo mpaka wenzangu wakanichoka.

Jikoni kukawa na gesi. Bibi, kwa kukosa moto wa kuchochea, akawa anashinda kitini dirishani. Alasiri moja ya masika nilikaa naye. Mama Komba akaja, akasimama mbele yetu kabisa, akatabasamu. Bibi akampungia mkono. Mama Komba akafunga upya kilemba chake, akajisugua meno kwa kidole, akaenda zake.

Nilicheka mpaka machozi. Bibi hakucheka. Aliugeuza mkono wake, akautazama pande zote mbili.

"Mjukuu wangu, wananitazama usoni na hawanioni," alisema. "Hivi mimi nipo kweli?"

Nilimshika ule mkono, ulikuwa na joto. "Upo, Bibi."

Alifariki masika yaleyale, mchana, palepale kitini, sisi tukiwa hatupo. Msibani Mama Komba alilia kwa uchungu: "Nimepita mchana dirishani hapo, nikajitazama!" Kama Bibi alimpungia, hakuna ajuaye.

Nyumba bado ipo, na bado inasifiwa. Utotoni nilidhani Bibi aliogopa kioo. Kumbe alikuwa anautafuta moshi wake, ule uliowaambia watu kwamba yupo. Siku hizi nikifika nyumbani, kabla sijaingia, nasimama mbele ya dirisha lile. Naona uso wangu tu. Napunga mkono hata hivyo.