Saa Moja ya Kupasha Mashine

Karakanani walimwita Sindano, na jina likamkaa. Alikuwa mwembamba kama zile sindano za mita za zamani alizoanza nazo kazi, na kama zenyewe, hakutikisika bila sababu. Kwa miaka thelathini na moja alitengeneza mashine zinazopima mashine nyingine. Mafundi wa vituo vya utangazaji, wa viwanja vya ndege na wa zimamoto walimletea vifaa vyao vya kupimia mawimbi ya redio vilipoanza kusema uongo. Yeye alivifungua, akautafuta uongo ulikojificha, akautoa. Akimaliza alibandika stika ndogo ya kijani yenye tarehe na sahihi yake, na mafundi walisema stika ya Sindano haiulizwi swali.

Aliyeisema sana kauli hiyo ni fundi redio wa zimamoto, jamaa mnene mwenye sauti nzito aliyeitwa Paipu. Walijuana miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote waliitana mtani. Paipu akiingia karakanani lazima aulize kama kuna mtu amemwona Sindano au upepo umeshampeperusha. Sindano humjibu bila kuinua macho kwamba mlango utapanuliwa mwakani, avumilie.

Mwanzoni mwa mwaka Paipu alileta mashine ya kupimia redio ambayo kitufe chake cha kuzungusha kilikuwa kinaruka namba. Haikuwa kazi kubwa. Sindano alibadilisha kitufe, akasafisha viunganishi, ikabaki kuhakiki tu. Hapo ndipo penye kazi yenyewe, maana mashine ile hutakiwa kunong'ona: hutoa wimbi dogo mno, la kiwango kinachojulikana, ili kuona kama redio italisikia. Redio ikiusikia mnong'ono huo, masikio yake ni mazima. Na utaratibu unataka mashine iwashwe saa nzima kwanza ipate joto, kwa kuwa vyuma vikipata moto huwa na tabia nyingine.

Siku ile Sindano alikuwa anaumwa jino. Shavu lilikuwa limevimba tangu asubuhi, wenzake wakamtania kwamba ameficha karanga za wenyewe. Daktari wa meno alikuwa anafunga saa kumi. Sindano aliiwasha mashine, akasubiri dakika kumi, akapima. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Kwenye fomu, pale panapouliza mashine imepashwa kwa muda gani, akaandika saa moja, kama alivyoandika maelfu ya mara, na mara zote hizo ilikuwa kweli. Akabandika stika, akaenda kung'olewa jino.

Miezi mitano baadaye, mchana kweupe, ghala la magodoro liliwaka moto. Miongoni mwa walioingia ndani kumtafuta mlinzi alikuwamo mdogo wake Paipu, zimamoto wa miaka ishirini na sita, ambaye Paipu mwenyewe ndiye aliyemwingiza kazini. Paa lilianguka nyuma yake. Aliita gari la kamanda kwa redio yake mara tatu. Mwenzake aliyekuwa upande wa pili wa ukuta alimsikia vizuri kwenye redio yake. Gari, lililoegeshwa mtaa wa pili, halikusikia kitu. Yule mwenzake alipofanikiwa kutoka na kueleza, moshi ulikuwa umeshamaliza kazi yake. Mlinzi, ilikuja kujulikana, alikuwa amekwenda kula.

Sindano alikwenda mazikoni. Alisimama ubavuni mwa Paipu tangu mwanzo hadi mwisho, akamshika mkono pale kaburini, na waliporudi nyumbani akamsaidia kupanga viti. Hawakutaniana.

Wiki tatu zikapita, Paipu akaja karakanani na mashine mbili. Alieleza kwa kifupi kwamba redio ya gari la kamanda imepimwa upya. Mashine moja inasema ni nzima, nyingine inasema ni kiziwi.

"Hii ina sahihi yako," akasema, akiigusa stika ya kijani. "Kwa hiyo hii nyingine ndiyo inayodanganya. Nitazamie tu, mtani, niwe na uhakika."

Sindano akaanza na ile nyingine. Ilikuwa sahihi kabisa. Akaiwasha yenye stika yake, akaipima ikiwa baridi, nayo ikawa sahihi. Akavuta stuli akakaa. Dakika ya arobaini na tatu namba kwenye kipimio chake iliruka: mashine iliandika kwamba inanong'ona, kumbe inapiga kelele. Redio kiziwi ingeisikia tu, ikaonekana nzima. Akaligonga kwa mpini wa bisibisi lile boksi dogo la ndani linalopunguza nguvu za wimbi, namba ikarudi. Akalifungua. Ndani mlikuwa na kiguso kimoja cha umeme kilichoungua, cheusi, kidogo kuliko punje ya mchele, ambacho kikipata joto kinanata na kuliacha wimbi lipite bila kupunguzwa. Weusi ule haukuwa wa juzi.

Alikaa na kile kitu kwenye kiganja mpaka mtu wa meza ya pili akamuuliza kama yuko salama.

Meneja wa karakana, mama mmoja aliyemheshimu sana, alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amefunga mlango. Akamwambia kwamba kiguso kinaweza kuharibika siku yoyote, hata kesho yake baada ya mashine kuondoka, na hakuna mtu duniani awezaye kuthibitisha vinginevyo. Fomu yenyewe inasema ilipashwa saa moja.

"Fomu nimeiandika mimi," Sindano akasema.

Jioni alimweleza mkewe, naye hakumwambia nenda wala usiende. Alimwuliza tu kama anataka asindikizwe. Akakataa.

Alimkuta Paipu ofisini kwake kituoni, chumba chembamba chenye rafu za redio za mkononi zikichajiwa. Akamweleza yote kwa mpangilio, kama anayesoma ripoti, maana njia nyingine hakuijua. Alipofika kwenye jino, Paipu alimkatiza.

"Jino."

"Ndiyo."

"Na ukaandika saa moja."

"Nikaandika."

Paipu alichukua redio moja rafuni, akaitazama, akairudisha palepale. "Lile gari nililipima mwenyewe kwa mashine yako," akasema polepole. "Mama alikuwa hataki huyu mtoto afanye kazi ya moto. Nikamwambia asiogope, popote atakapokuwa, gari linamsikia. Unanielewa? Nilimwambia mama."

Sindano alisema anaelewa. Alisema pia samahani, na neno lilipomtoka aliliona lilivyo dogo, akatamani asingelitamka.

"Nenda nyumbani, fundi," Paipu akasema.

Fundi. Miaka kumi na tisa hakuwahi kumwita hivyo.

Sindano aliandika barua kwa meneja na kwa zimamoto, akaeleza bila kuficha. Ruhusa ya kutia sahihi akanyang'anywa. Kabla ya hapo aliomba jambo moja, akakubaliwa: kuziita mashine zote alizozipitisha mwaka ule zipimwe tena, mbele ya mtu mwingine. Zilikuwa mia moja na kumi na nne. Zote zilikuwa nzima, na kila iliyoonekana nzima ilizidi kumwumiza, maana hakuwa hata fundi mbaya.

Akamalizia muda wake kwa kusafisha viunganishi na kufunga mifuniko. Mashine za zimamoto ziliendelea kuja, ila zililetwa na dereva. Kutoka kwa huyo dereva ndiko alikosikia kwamba Paipu ameambiwa yeye hana kosa, lakini kila siku anapima redio zilezile mara mbili, na kwamba mama yao hapokei simu yake.

Alipostaafu, mkewe aliandaa chakula cha mchana nyumbani kwa wenzake wachache. Alipokuwa anapanga meza akamwuliza mumewe kama amhesabu na Paipu. Sindano akasema mhesabu.

Walikula, wakacheka kidogo, meneja akasema maneno mazuri. Saa kumi na moja wageni wakaaga. Mkewe akakusanya vyombo, na ile sahani moja iliyobaki safi akairudisha kabatini.