Samli Kwenye Klachi

Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa nikiosha magari na kupaka grisi katika gereji moja ya Gisenyi. Injini sikuruhusiwa kuigusa. Ufundi nilijifunza peke yangu katika kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, kurasa mbili kila jioni, kamusi ikiwa pembeni.

Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa alikuwa na gari la zamani lililolala miaka mingi. Nilimwomba nilitengeneze katika saa zangu za mapumziko. Alikubali kwa sharti. Chama chao cha magari ya zamani kilikuwa kinajiandaa kwenda, Jumapili moja, kwenye uwanja wa nyasi ambako wenzao walirusha ndege zisizo na injini. Kila gari lingevuta ndege kwa kamba ndefu mpaka ipae. Gari lake likiweza, angemwandikia mwenye gereji barua nipewe kazi ya injini. Likishindwa, nirudi kwenye ndoo yangu na nisimsumbue tena.

Klachi ya gari lile ilikuwa ya kale: chuma chenye umbo la faneli, kilichovikwa ngozi, kikibana ndani ya gurudumu la injini. Ngozi ilikuwa imeungua. Jirani yangu, fundi viatu, Mwislamu wa pale mjini, alinikatia mpya na kuipigilia misumari ya shaba kwa usahihi ambao sijauona tena. Kitabu kilisema ilainishwe kwa mafuta ya mbarika, tena kidogo. Jirani alicheka. Kwetu kila ngozi, ya kulalia au ya kubebea mtoto, hulainishwa kwa samli, na viatu vyake alivifanya vivyo hivyo. Basi nikapaka samli, siku tatu mfululizo.

Jumapili hiyo watu walikuja kutoka Rugerero kutazama. Mama mmoja alikuwa akichoma viazi pembeni ya uwanja. Jirani yangu naye alifika, kilemba cheupe kichwani.

Zamu yetu ilipofika, bendera ilishushwa na mwenye gari akakanyaga mafuta. Injini ilinguruma vizuri, lakini gari lilitambaa kama ng'ombe aliyeshiba. Kamba ikakaza, ndege ikaburuzwa hatua chache, ikasimama. Wenzake wakampigia honi huku wakicheka. Akashuka, uso umemwiva, akanipa nusu saa.

Nilipoinua ubao wa sakafu, nilikutana na harufu ya jiko la harusi: ngozi ya klachi ilikuwa imelowa samli, ikiteleza badala ya kubana. Jirani akachungulia.

"We jirani, mule iko nini? Unapika pilau?"

"Ni samli yako."

"Samli yangu? Mi nilisema ya viatu! Kiatu iliwahi kuvuta ndege?" Kisha akaacha kucheka. "Ulipaka kiasi gani?"

"Nusu kopo."

"Yarabi! Ngozi ikilewa mafuta, tunaikausha na majivu. Ngoja."

Alimwomba yule mama majivu yaliyopoa. Nikamwambia lazima yachujwe, kwa sababu chembe moja ya mkaa ingechana ngozi. Alifungua kilemba chake, akachujia hapo. Kisha akaketi kwenye usukani na kukanyaga pedali ya klachi ili nafasi ifunguke kati ya ngozi na gurudumu la injini. Watazamaji wawili walisukuma gari taratibu ngozi izunguke, nami nikamwaga majivu kwa karatasi iliyokunjwa, nikayafuta, nikamwaga mengine.

Mwenye gari akarudi, akauliza ugonjwa ulikuwa nini. Nilikuwa nimeshaandaa jibu kwamba petroli ilikuwa chafu. Jirani akanitangulia.

"Bwana, kosa ni yangu. Mi ndo nilimwambia apake samli."

Hakuwa na faida yoyote ya kusema vile, na siku zile hasira ya mzungu haikuwa jambo dogo kwa mtu kama yeye. Nilishikwa na aibu. Nikasema, kwa Kifaransa changu cha kitabuni, kwamba maelekezo sahihi niliyasoma nikayapuuza, kwa hiyo kosa ni langu.

Mzungu alitutazama wote wawili. "Panda," akaniambia.

Safari hii klachi ilishika. Gari lilichomoka, nyasi zikapita mbio chini yetu, na nilipogeuka nyuma nikaiona ndege imekwisha kuacha ardhi. Ilipanda na kamba yake, ikaiachia, ikazunguka kimya juu ya migomba.

Aliandika barua palepale, karatasi akiwa ameilaza juu ya boneti yenye joto. Aliandika kwamba gari limevuta. Chini yake akaongeza kwamba mtu huyu akikosea, husema.

Mwenye gereji alisoma mstari huo wa pili mara mbili kabla ya kunikabidhi spana. Sikumweleza kwamba nusu saa kabla haujaandikwa haukuwa kweli, na kwamba aliyeufanya uwe kweli ni jirani yangu, fundi viatu. Yeye mwenyewe nilimweleza, na nilimshukuru. Alinijibu nimletee viatu vyangu, maana visigino vimekwisha.