Shati la Mbwa

Mbwa wetu alipasuka ubavu kwa sababu ya mshikaki mmoja. Ilikuwa Nyamirambo, mwaka wa tisini na mbili kama sikosei. Jirani yetu alikuwa akichoma nyama ya mbuzi mbele ya nyumba yake, na mbwa, ambaye ukimtazama macho ungedhani hajala tangu azaliwe, akanyakua mshikaki pamoja na kijiti chake na kuruka ua wa mabati. Nyama ilivuka salama. Ngozi ya ubavu ilibaki kwenye bati.

Nikamkimbiza kwa veterineri ndani ya toroli, tena toroli la jirani huyohuyo. Daktari akamshona, akamdunga sindano, akanionya: "Asijirambe. Akijiramba, nyuzi zinaachia na kidonda kinaoza."

"Sasa nitamzuiaje?"

"We mukobwa, binti mzima wewe, si baba yako ni fundi cherehani? Fikiria."

Baba alikuwa fundi kweli, na Mwislamu wa swala tano. Mbwa alikubaliwa kwa kazi ya ulinzi tu, nje ya kizingiti. Miaka miwili Baba hakuwahi kumgusa wala kumsemesha. Maneno yote yalipitia kwangu. "Mwambie mwenzako atoke kwenye kivuli changu."

Tuliporudi, Baba alikitazama kidonda kwa mbali. "Nani kashona hivi? Mshono mrefu kama wa gunia." Kisha akawaona inzi. "Wateja hawatakaa na hawa. Yule mteja wangu, mlinzi wa Kacyiru, anatafuta mbwa wa kukaa naye getini, na bosi wake ana dawa. Ijumaa kidonda kikiwa hakijafunga, amchukue."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Kacyiru si mbali, lakini ukifika kwenye geti la wakubwa utasema umekuja kumsalimia nani?

Nilikuwa na miaka kumi na sita, shule nimeishia la sita, na Baba alikuwa ameniruhusu kushona pindo tu. Mimi kichwani nilikuwa tayari na duka la vioo mjini, limejaa magauni ya maharusi. Basi nikaokota mabaki ya kaki ya sare za shule, nikamshonea mbwa shati la kuziba kidonda. Nilimkatia kama mtoto wa darasa la pili: kola, mikono mifupi, vishikizo tumboni. Mfuko wa kifuani nao nikaweka, maana niliamini shati bila mfuko halijaisha.

Alipolivaa alitembea kama mtu aliyebeba kabati. Jumatatu asubuhi wanafunzi wakapita kwenda shule, na yeye akawafuata.

Kufika saa sita, mtaa mzima ulikuwa barazani kwetu.

"Fundi, mwanafunzi wako amechelewa namba!"

"Mzee, na mimi nataka kama ile, lakini mikono iwe mirefu!"

Baba alivumilia. Kilichomwuma ni mama mmoja aliyeleta kitenge chake. Alimtazama mbwa akirudi anachechemea, akakivuta kitenge kutoka mezani. "Ngoja kwanza. Kama mbwa anabanwa makwapa namna ile, mimi na kifua changu hiki itakuwaje?"

Baba akavua miwani. "Mlete huyo."

"Nani, Baba?"

"Huyo anayenitia aibu. Wewe shika utepe, mimi simgusi. Na utepe huo usirudi mezani kwangu."

Nikapima, Baba akaandika kwenye daftari la wateja. Redio nyuma yake ilikuwa na vita vyake vya kaskazini. Sisi barazani tulikuwa na vyetu.

"Kifua?"

"Sitini na mbili."

"Mwambie asibane pumzi. Shingo?"

Shati jipya alilolishona Baba lilifungwa mgongoni, vishikizo sita, mahali ambapo hakuna meno yanayofika. Mbwa alijaribu kujiramba, akaishia kuzunguka kama pia, akakata tamaa. Kila siku nilimvua, nikasafisha kwa maji ya chumvi, na Baba akasimamia kutoka kwenye kiti: "Pembe ya chini bado inatoa maji. Usinidanganye, naona."

Ijumaa pembe ile ilikuwa bado wazi, kiasi cha punje ya mchele. Nikaipaka poda ya mama yangu ionekane kavu.

Mlinzi alikuja baada ya swala, na kamba mpya mkononi. Baba alikuwa bado na kanzu, ameinamia shati la mbwa alilolishona mwenyewe, anafumua kwapa ambalo halikuwa na kosa lolote.

"Njoo kesho," akasema.

"Mzee, si tuliambiana Ijumaa?"

"Nguo yake haijaisha. Mimi simtoi mteja hapa akiwa anabanwa."

"Hata suruali yangu ni kesho, kesho, tangu Ramadhani!"

"Basi njoo kesho uchukue vyote viwili."

Mlinzi akanitazama mimi, akamtazama mbwa, akaikunja kamba taratibu na kuitia mfukoni. Akaondoka akicheka peke yake hadi barabarani.

Baba hakuinua kichwa. "Na wewe unakenua nini? Nenda kamfute hiyo poda. Ananukia kama saluni."