Hatua za Kinyozi

Ofisini walimwita Fagio, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Alikuwa mwandishi wa programu, dada wa makamo asiyechoka kufuta miwani, na kilichomkera kuliko vyote ni historia chafu. Historia yenyewe ni ya kazi yao: kila anayeandika kipande cha programu hukihifadhi kama hatua, yenye jina lake na maelezo mafupi ya alichofanya. Hatua hukusanyika kwenye tawi, na tawi likikomaa huunganishwa na shina, ambalo ndilo linalotumika katika hospitali wanazozihudumia. Fagio hakuwahi kupeleka tawi bichi. Alikaa kwanza, akazikunja hatua zake zote kuwa moja iliyonyooka, utadhani hajakosea tangu azaliwe.

Kinyozi alikuwa kinyume chake. Aliacha kunyoa watu ukubwani, ana mke na watoto, akajifunza kuandika programu, na sasa alikuwa kwenye majaribio ya kazi. Hatua zake zilijaa maelezo kama "najaribu tena", "bado", "Mungu saidia". Fagio alimsema mpaka akachoka. Wawili hao walitumia tawi moja, la kupiga hesabu ya dozi za watoto, na asubuhi hiyo Mkuu wao alikuwa azisome hatua za Kinyozi moja baada ya nyingine, kisha aamue kama anaajiriwa au anarudi kwenye mashine yake ya kunyolea.

Sasa tazama alichofanya huyu dada. Alikuwa ametoka likizo ya kumuuguza mama yake, akakaa tu kitini na kuanza usafi. Akazikunja hatua zake, akazisukuma kwenye mtambo wa pamoja, zinakohifadhiwa kazi za wote. Mtambo ukakataa, ukamwonya kuwa kwenye tawi hilo kuna kazi ya wenzake ambayo yeye hana. Mtu mwenye akili zake angesimama hapo. Lakini kwenye matawi yake ya peke yake Fagio alizoea kusukuma kwa nguvu, yaani kuulazimisha mtambo ufute kilichopo na kuweka chake, na vidole vikaenda kwa mazoea. Mtambo ukatii. Alipotazama tena, tawi lilikuwa na hatua yake moja, safi kabisa, na jina la Kinyozi halikuwepo popote.

Akaanza kuwaza nakala nyingine iko wapi. Kompyuta ya Kinyozi ilikufa jana yake na mafundi wakampa nyingine tupu. Hakujali, maana kazi yote ilikuwa kwenye mtambo. Msimamizi wa mtambo alikuwa ndani ya ndege, simu imezimwa. Kwa Fagio mwenyewe hakukuwa na kitu, kwa kuwa hakuwahi kuzivuta zile hatua kuja kwenye kompyuta yake. Na Kinyozi alikaa meza ya pili, shati limepigwa pasi mpaka kola, akamuuliza mama anaendeleaje. Fagio akajibu kuwa hajambo, bila kumtazama usoni.

Akabaki mtu mmoja, mjaribu wa programu wa ghorofa ya juu, mama wa kuheshimika ambaye wote walimwita Shangazi. Nakala ya jana ya tawi lile ilikuwa kwenye kompyuta yake. Tatizo ni kwamba Shangazi, kila asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, hufuta nakala ya jana na kuchukua mpya. Fagio akampigia. Simu ikaita weee, bila shaka iko chini ya mkoba. Akainuka, akapanda ngazi mbilimbili na viatu vyake vya kisigino.

Shangazi alikuwa ananing'iniza koti.

"Shangazi, usifute."

"Mbona nimeshafuta, mwanangu?"

Fagio akashika ukingo wa meza. Shangazi akamtazama, akavuta kiti, akamkalisha, akauliza kulikoni. Alipoelezwa, aliguna.

"Si ipo kwenye pipa la taka la kompyuta. Mimi pipa simwagi, na wewe umenisema kwa hilo mpaka basi."

Ilikuwa kweli. Kabla ya likizo Fagio alimtolea somo zima juu ya pipa lile, mbele za watu. Sasa alilifungua, akaitoa folda, na ndani yake hatua za Kinyozi zilikuwepo zote, na "Mungu saidia" yake.

Akaanza kuzisoma ili ahakikishe. Katikati akakuta moja: "Mtoto asipopimwa, programu inatumia uzito wa mtoto aliyetangulia. Nimerekebisha." Mstari wenye kosa hilo aliuandika yeye Fagio, na aliufunika vizuri ndani ya mkunjo wake mmoja safi kiasi kwamba hakuna aliyeuona ukiingia. Kinyozi alihangaika nao wiki nzima, na hakumtaja mtu.

Wazo likamjia, na lilikuwa wazo la aibu. Angeweza kuzikunja hatua zote za Kinyozi kuwa moja, akaacha jina la Kinyozi juu. Kosa lisingeonekana. Lakini Mkuu angeona hatua moja tu kwa kipindi chote cha majaribio, na angeuliza huyu mtu alikuwa anafanya nini. Simu yake ya mkononi ikalia: Mkuu ameshakaa, wanamsubiri Fagio. Akazirudisha mtamboni zilivyo, na fujo zake zote.

Chini, Mkuu alizisoma moja moja. Alipofika kwenye ile hatua akasimama.

"Kosa hili lilikuwa la nani?"

"La zamani tu, Mkuu," akasema Kinyozi.

"Ni langu," akasema Fagio. "Na asubuhi hii nimemfutia kazi yake yote. Mmeikuta hapo kwa sababu Shangazi hamwagi pipa."

Kinyozi akageuka kumtazama, mdomo wazi. Mkuu hakupandisha sauti. Alimwajiri Kinyozi palepale, akamnyang'anya Fagio ruhusa ya kusukuma kwa nguvu, na akaagiza kuwa kazi zake zote sasa zitapitiwa na Kinyozi kabla ya kufika kwenye shina.

Kazi ya kwanza ambayo Fagio alimpelekea Kinyozi ilikuwa hatua isiyobadilisha hata herufi moja ya programu, maelezo matupu: "Nilifuta kazi ya mwenzangu. Makosa ni yangu." Kinyozi akamjibu kuwa hatua hii haina kazi yoyote, Dada, si tuifute tu tawi liwe safi.

Fagio akamwandikia aiache.