Alama ya Mama Pindo

Jina la Mama Pindo lilitokana na kazi, si na mtoto. Binti yake aliyekuwa kidato cha nne alikuwa na jina lake kamili, ila mtaa ulishakata shauri kwamba mtu anayepinda suruali za watu miaka kumi na tisa hana haki ya kuitwa kitu kingine. Cherehani yake ya miguu ilikaa kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi, kati ya rundo la mabomba na madebe ya rangi. Duka lilikuwa la mzee aliyeitwa Nguzo, baraza la Nguzo, na hata kivuli, tukisema ukweli, kilikuwa cha Nguzo, maana bati lilikuwa lake. Mkataba haukuwepo. Siku moja tu alimwambia, "Kaa hapo, dada," naye akakaa.

Nguzo alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama tangu Mama Pindo akiwa msichana. Mara mbili chama kilimsimamisha kugombea udiwani, mara mbili chama cha upande wa pili kikamgaragaza. Sasa alitaka tena, na safari hii mpinzani alikuwa ndani ya nyumba: daktari wa mifugo, aliyehamia chamani miaka miwili nyuma akitokea huko huko upande wa pili. Wanachama themanini na saba wa tawi walipaswa kuchagua mmoja.

Mabishano yalihamia barazani kwa sababu ndiko kulikokuwa na benchi. Mtu alileta suruali ya kufupishwa, akaishia kufupisha siku. Watu wa Nguzo walisema daktari ni jogoo wa kuazima, kesho atawika kwa jirani. Heri kushindwa ukiwa na wako kuliko kushinda ukiwa na wa kuokota. Watu wa daktari waliuliza, zile mara mbili walizoshindwa wakiwa na wa kwao, walikula nini? Daktari, walisema, ametibu ng'ombe wa kila chama, na kura za waaminifu peke yake hazijazi hata debe. Mdogo wake Mama Pindo, mchomeleaji mageti mwenye mdomo usio na breki, akamaliza: "Nguzo ni nguzo kweli. Imesimama pale pale, haiendi popote."

Benchi zima likacheka. Mama Pindo alichekea tumboni, macho kwenye mlango wa duka, na mlango ukamtoa Nguzo mwenyewe, akijifuta saruji mikononi.

"Na wewe, dada, uko upande gani?"

"Mimi ni wako, mzee. Nitaenda wapi?"

Nguzo akaitikia kwa kichwa taratibu, akarudi ndani. Tangu siku hiyo sindano ilimchoma Mama Pindo kila siku, yeye ambaye angeweza kushona huku amefumba macho. Hakumchukia mzee; baraza lile ndilo lililomsomeshea binti. Lakini mtaro wa mbele ulikuwa umeziba tangu diwani wa upande wa pili aingie, mvua ikinyesha maji yalipanda mpaka kwenye kanyagio la cherehani, na moyoni alijua Nguzo akisimama tena, ataangushwa tena.

Kura ilipigwa Jumapili mchana kwenye darasa la shule ya msingi. Unapewa karatasi yenye picha mbili, unakwenda nyuma ya kabati la vitabu, unaweka alama, unakunja. Nyuma ya kabati Mama Pindo alifanya haraka, na mkono wenye haraka hufanya kile ulichozoea. Mkono ukachora msalaba wenye mkia mrefu chini kulia, kwenye picha ya daktari. Akakunja, akatumbukiza kwenye sanduku, akakaa kwenye dawati la watoto, magoti kidevuni. Hapo ndipo akili ilipomfikia.

Msalaba wenye mkia ndio aliouchora kwa kalamu ndani ya kila kiuno cha suruali alichowahi kushona, ili mteja akija kulalamika ajue kama kazi ni yake. Nusu ya darasa lile ilikuwa imeukalia.

Mwalimu mstaafu alihesabu kwa kunyanyua kila karatasi watu wote waione, ndiyo kanuni ya tawi. Mama Pindo alianza kumwomba Mungu ampofushe mwalimu kidogo tu, dakika kumi, kisha amrudishie. Mwalimu akanyanyua moja, akasita, akaivuta kwenye miwani. Nyuma mtu alianza kucheka, akameza kicheko. Mwanamume wa dawati la mbele akavuta shati taratibu kufunika kiuno. Mdogo wake Mama Pindo, kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa anahesabu mbao za dari.

Wakala wa Nguzo akadai karatasi itupwe, maana ina alama ya kumtambulisha mpiga kura. Mwalimu akauliza, inamtambulisha nani? Wakala naye akavuta shati lake kiunoni.

"Ihesabiwe," alisema Nguzo, kwa upole.

Upole huo ndio uliomtisha Mama Pindo. Mzee angefoka, yeye angejua pa kujikinga. Nguzo alipata arobaini na tano, daktari arobaini na mbili.

Jumatatu Mama Pindo alifika mapema kuliko siku zote. Cherehani ilikuwepo, baraza limefagiwa. Saa tatu Nguzo akatoka na koti la kuzindulia kampeni, akataka lipunguzwe kiunoni. Mama Pindo alimzunguka na pini mdomoni, akishukuru kwamba mwenye pini mdomoni haulizwi kitu.

"Wanasema nitaanguka mara ya tatu. Wewe waonaje?"

Alitoa pini moja moja mpaka zikaisha. "Mtaro ukizibuliwa kabla ya kampeni, mzee, hata wa upande wa pili wataona."

Nguzo alivua koti, akalilaza kwenye cherehani, ndani nje. "Weka ile alama yako."

Mama Pindo akachora. Msalaba ulikaa sawa; mkia ukapinda.

"Niazime tepu," alisema Nguzo.

Akachuchumaa, mtu mzima yule, akapima sakafu kuanzia ukutani hadi mguu wa cherehani, kisha kutoka mguu wa cherehani hadi ukingo wa baraza, kama apimavyo nafasi ya kushushia mabomba mapya. Akaikunja tepu vizuri, akaiweka juu ya koti, akaingia dukani. Mama Pindo akakanyaga cherehani, na ilibidi akanyage mara tatu ndipo gurudumu likakubali kuzunguka.